Mboko alishinda Montreal, mimi nikataka kumtoa binti yangu shule

Usiku wa tarehe 7 kuamkia tarehe 8 Agosti 2025 nilikuwa ndani ya kabini ya lori pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwenye foleni ambayo haikuwa imesogea tangu mchana. Nyuma yangu mzigo wa shaba, mkononi simu iliyobakiza chaji asilimia 30. Wenzangu wote walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa Montreal.

Mega zilikuwa kidogo, video haikuwezekana, kwa hiyo mashindano ya tenisi ya Montreal, kule Kanada, niliyafuata kwa namba tu. Tenisi ya namba ina mateso yake. Namba ikikwama dakika mbili, hujui ni mchezaji aliyeanguka au ni intaneti. Na usiku uliotangulia, kwenye nusu fainali, mchezaji alianguka kweli: Victoria Mboko aliangukia mkono, akasimama, na katika mechi hiyohiyo akaokoa pointi ambayo ingempa Elena Rybakina ushindi, akamaliza 1-6, 7-5, 7-6. Sasa ilikuwa fainali na Naomi Osaka. Seti ya kwanza ikaenda 2-6. Nikazima simu kwa hasira, nikajidanganya kwamba nalinda chaji. Nilipoiwasha tena, seti ya pili ilikuwa yake, 6-4, na ya tatu anaikimbiza. Ilipotokea 6-1 nikapiga honi.

Honi ya lori la mizigo, usiku wa manane, katikati ya watu waliolala. Nilitukanwa kwa Kiswahili, Kibemba, Kilingala, Kifaransa na lugha nyingine ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi.

Asubuhi mabishano yakawa juu ya uraia. Mmoja anasema huyo ni Mukongomani wetu, mwingine anasema si wetu, anachezea Kanada. Ukweli ni kwamba amezaliwa Charlotte, Marekani, Agosti 2006, akakulia Kanada, na wazazi wake ni Wakongomani waliotoka huku mwaka 1999. Alikuwa na miaka 18. Aliingia mashindanoni kwa mwaliko wa waandaaji, akiwa wa 85 duniani, akawatoa mabingwa wanne wa Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi: Kenin, Gauff, Rybakina na Osaka. Zawadi yake ilipita dola 750,000. Hiyo namba ya mwisho, niseme wazi, ndiyo iliyonipotosha.

Mimi nina binti wa miaka 12. Tenisi aliianza akiwa na miaka minane kwa sababu mjomba wake hutunza viwanja katika klabu moja ya zamani hapa Lubumbashi, vile viwanja vya udongo wa kichuguu unaomwagiwa maji na kusawazishwa kila asubuhi. Alianza kwa kuokota mipira, akapewa raketi iliyovunjika mpini, na mpaka mwaka jana ulikuwa mchezo wa mtoto. Nilikuwa nauliza mara moja kwa mwezi: "Tenisi inaendelea?" Anajibu inaendelea. Basi.

Niliporudi nyumbani toka Kasumbalesa nilikuwa mtu mwingine. Wakati tunakula bukari nikatangaza kwamba mwaka huu wa masomo mtoto asingerudi shule, tungeupa tenisi mwaka mzima. Mama yake hakupandisha sauti. Alisema tu, "Leka mutoto asome," akaendelea kuchambua sombe ya kesho. Nikajiona nimezungukwa na watu wasioona mbali.

Kwa kuwa kocha wake alikuwa safarini, ukocha nikaushika mimi, mtu ambaye maisha yake yote ameshika usukani. Nilimnunulia raketi ya mtumba, nyeusi, nzuri ya kutazama, na nikamwambia mfungaji wa nyuzi aikaze mpaka kilo 27, maana nilisikia kwamba wachezaji wakubwa wanatumia nyuzi ngumu. Saa kumi na moja alfajiri, kwenye ile baridi na vumbi la kiangazi, nilimpeleka kwenye ukuta wa nyuma wa gereji. Mipigo 300 ya mkono wa mbele, 300 ya mkono wa nyuma. Nahesabu kwa sauti. Akikosa, tunaanza upya.

Ilipita kama wiki tatu. Jioni moja nikamwona anatoka bombani, na ndoo kaibeba kwa mkono wa kushoto. Binti yangu si wa kushoto. Nikamuuliza kuna nini. Akaangalia chini.

"Papa, mukono iko inauma. Tangu siku mingi."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unahesabu."

Sijawahi kupata jibu lililonikaa kooni kama lile.

Kwenye zahanati walisema ni mishipa ya kiwiko iliyochoka, apumzike, asiguse raketi mpaka maumivu yaishe. Siku hiyohiyo kocha alikuwa amerudi. Nikampelekea raketi nikidhani atanisifu angalau kwa ununuzi. Hakunisifu. Aliichukua mpaka kwa mama anayeuza unga pale nje, akaiweka kwenye mizani: gramu 330 na nyuzi zake. "Hii ni ya mwanaume mzima," alisema. Akagusa nyuzi kwa kidole, zikalia kama gitaa. Akaomba mkasi, akazikata zote mbele yangu, akianzia katikati. Nilisikia pesa yangu ikikatika, uzi kwa uzi.

Halafu akaniuliza: "Papa, wewe si unaandika safari zako kwenye daftari?"

Naandika. Tarehe, mji, mzigo, kilomita, siku nilizokaa mpakani.

"Basi niandikie safari za huyu Mboko. Usianze na Montreal. Anza nyuma kabisa."

Niliudhika, lakini nilikuwa na safari ya kwenda Ndola wiki ile, na kwenye foleni mtu ana muda wa kuandika hata Biblia. Nikapiga mistari: tarehe, mji, alifika wapi, nani alimtoa. Hiyo safu ya mwisho ndiyo iliyonifundisha kazi, kwa sababu ilijaa haraka kuliko nilivyotegemea.

Mwaka 2022, Wimbledon ya vijana, fainali ya wasichana wawili wawili. Mboko na mwenzake Kayla Cross walishinda seti ya kwanza 6-3, wakapoteza ya pili 4-6, na ile ya kuamua wakaipoteza 9-11. Nani aliwatoa? Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi na Angella Okutoyi wa Kenya. Hapo niliweka kalamu chini. Msichana wa Nairobi, aliyelelewa na bibi yake, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam ya vijana, na aliyekuwa upande wa pili wa wavu ni huyuhuyu Mboko niliyempigia honi. Foleni nzima tulibishana kama ni wetu au si wetu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mtu wa lugha yetu aliwahi kumshinda kwa pointi mbili.

Nikaendelea. Mwaka huohuo wa 2022, Australia, fainali ya vijana pamoja na Cross, wamepoteza. Baadaye goti likamsumbua. Mwaka 2025 ulipoanza hakuwa hata ndani ya 300 bora. Januari anacheza Martinique, kisha Guadeloupe, kwenye mashindano ya W35, ngazi za chini za tenisi ya kulipwa ya wanawake, ambayo hayaonyeshwi popote na hakuna dereva wa lori anayeyapigia honi. Kuanzia huko alishinda mechi 22 mfululizo bila kupoteza seti hata moja. Seti 44! Nilihesabu mara mbili. Machi, Miami, anatolewa na Badosa. Mei, Roma, anamnyang'anya Coco Gauff seti ya kwanza, halafu anatolewa. Paris anapitia mlango wa mchujo na kufika raundi ya tatu, Zheng Qinwen anamtoa. Wimbledon ananaswa kwenye mechi ya mwisho ya mchujo, anaingia kwa sababu kuna aliyejitoa, anashinda moja, anatolewa. Ndipo Montreal, ambako Gauff yule wa Roma alipigwa 6-1, 6-4.

Baada ya Montreal nilitegemea daftari liwe na mataji matupu. US Open: raundi ya kwanza, Krejcikova. Kule China nako alitolewa mapema. Mpaka mwanzoni mwa Novemba ndipo nikaandika Hong Kong, bingwa.

Lakini kabla ya hayo ya China na Hong Kong, niliporudi tu kutoka Ndola, nilimpelekea kocha daftari likiwa na alama za chai. Alilisoma taratibu, kama mtu wa forodha. Aliniuliza kitu kimoja tu: katika mistari yote hiyo, ni wapi baba yake Mboko angemtoa mwanawe shule ndipo mambo yaende haraka? Sikupaona. Na akaniongezea: yule ni kitinda mimba wa watoto wanne, wote wa tenisi, dada yake Gracia na kaka yake Kevin walicheza wakiwa vyuo vikuu vya Marekani. Okutoyi naye alikwenda chuo kikuu cha Auburn, hukohuko. Yaani kuna watu ambao tenisi iliwapeleka shule, na mimi nilitaka impeleke wangu nje ya shule.

Kisha akanipa sheria ambazo ningezijua kama ningeuliza kabla ya kununua raketi. Mashindano ya vijana ya shirikisho la dunia, ITF, mtoto huruhusiwa kuyaingia akiwa na miaka 13, na ngazi ya chini kabisa ni J30. Mashindano ya kulipwa kwa wasichana ni kuanzia miaka 14, na hata hapo idadi kwa mwaka ina kikomo mpaka atakapokua. Wangu ana 12. Hata ningeuza nyumba na lori la bosi juu yake, hakuna mlango ambao ungefunguka.

Basi tulikubaliana hivi. Mtoto akarudi darasani, amechelewa siku chache, mama yake akazungumza na mwalimu (mimi sikuwa na uso wa kwenda). Tenisi siku tatu kwa wiki, mchana. Raketi ya kuazima ya inchi 26, nyepesi, yenye nyuzi laini za kilo 21. Mwanzo alicheza na mipira ya kijani, ile inayokwenda polepole kwa robo, mpaka kiwiko kikanyamaza.

Mimi nikapewa kazi ya mipira. Kocha aliona kwamba nikikaa bure nitaanza kuhesabu tena. Mpira wa tenisi ukidondoshwa kutoka sentimita 254 unatakiwa udunde kufikia kati ya 135 na 147. Nikachora mistari mitatu kwa makaa kwenye ukuta uleule wa gereji, nikapanda ngazi, na kila Jumamosi ninayokuwa nyumbani nadondosha mpira mmoja mmoja huku mjomba anatazama unafika wapi. Inayofika, ya mechi. Inayofia njiani, ya watoto wadogo. Isiyodunda kabisa, ya mbwa. Kopo likishafunguliwa mpira unaanza kufa wenyewe, hata usipoupiga, jambo ambalo sikulijua, na lilinifanya niache kufungua makopo kwa ajili ya kuyanusa tu. (Yananukia vizuri. Jaribuni.)

Mwisho wa Novemba klabu moja ya Kitwe ilialika watoto kwa mechi za kirafiki. Ni barabara yangu, nikawa dereva wao. Binti yangu alipangiwa msichana wa Zambia mrefu kumpita kichwa kizima, mwenye servisi, ule mpigo wa kuanzisha pointi, ambayo mimi nisingeirudisha hata kwa mlango. Nilikaa mwisho wa benchi na karanga za kukaanga. Kocha alikuwa ameniagiza kwamba kila nitakapotaka kusema kitu nitafune karanga. Nilimaliza mfuko kabla ya seti ya kwanza kwisha, nikanunua wa pili.

Alipoteza 2-6, 1-6. Mara mbili alifanya makosa ya servisi mfululizo na akageuka kunitazama. Nilikuwa natafuna. Akageuka tena kule, akaupiga mpira chini mara tatu, akaendelea.

Wakati wa kurudi tulikwama Kasumbalesa, kama ada. Wengine walilala. Yeye akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa daftari, akalifungua kwenye kurasa za Mboko, akasoma kwa kidole mpaka mwisho. Halafu akaomba kalamu. Chini ya Hong Kong akapiga mstari, akaandika tarehe, akaandika Kitwe, akaandika raundi ya kwanza. Kwenye safu ya nani alimtoa aliandika jina la yule msichana, na pembeni yake, kwa herufi ndogo: na servisi yangu ya pili.

"Mutarudi huku lini, papa?" aliuliza.

Nikamwambia nina mzigo wa Ndola Januari, lakini shule itakuwa imefunguliwa.

"Basi, safari ya Pasaka," alisema, akalirudisha daftari kisandukuni.