Macho ya mama yamerudi meupe

Jana jioni, kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mama aliomba bukari (ugali) na lengalenga (mchicha). Akala, akamaliza. Nikalia.

Ilianza na kujikuna usiku kucha, hadi shuka zikawa na alama za damu. Kisha macho yakageuka rangi ya mafuta ya mawese, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo. Majirani walisema ni homa ya manjano. Hapana: uvimbe wa kongosho ulikuwa umebana mrija wa nyongo.

Tukachanga ukoo mzima, yaya, mkubwa wangu, akauza kiwanja, tukaenda India. Mara ya kwanza walipitisha kamera mdomoni ili wafungue mrija kwa chini. Uvimbe ulikuwa umeziba utumbo, hawakufika. Nilidhani kimebaki kile kimfuko cha kutolea nyongo nje, cha kuning'inia ubavuni. Daktari akachora kwenye karatasi: kamera yenye ekografia (kipimo cha mawimbi ya sauti) kwenye ncha yake inakaa ndani ya tumbo la chakula, inaliona ini lililo jirani kabisa, sindano inatoboa ukuta wa tumbo hilo kwa ndani hadi kwenye mrija uliovimba ndani ya ini, kisha wanaacha kibomba cha chuma. Nyongo inamwagikia kwenye tumbo hilo la chakula. Kutoa nyongo kwa ndani kwa kamera ya ekografia kulielezwa mara ya kwanza Ufaransa, mwaka 2001, ingawa wakati ule walipitia utumbo, si tumbo.

Alituambia wazi kwamba nyongo inaweza kuvuja, au kibomba kuziba. Na uvimbe bado upo. Dawa za kansa ndiyo kwanza zinaanza, maana ini limepumua.

Karatasi ile ninayo bado. Usiku mama halii tena kwa kujikuna.