Kiti cha kilo 1.7

Jumamosi nimebeba viti vya harusi mpaka mabega yanawaka moto, vile vya rangi ya dhahabu wanaviita Chiavari, siku hizi kila ukumbi lazima viwepo. Vya plastiki. Nikakipima kimoja kwenye mzani wa duka la mchele, kilo nne na ushee, zidisha kwa mia tatu halafu niambie mgongo wangu una kosa gani.

Basi usiku usingizi hauji nikaanza kutafuta hili jina limetoka wapi, kumbe Chiavari ni mji huko Italia, pwani ya Liguria, na fundi mmoja anaitwa Descalzi ndo alianza kuvichonga kwa mbao 1807. Ila aliyenikosesha usingizi kabisa ni Gio Ponti. Mtu wa Milano, kazaliwa 1891, kasomea usanifu majengo kamaliza 1921 maana vita ilimkatiza, halafu mtu na digrii yake akaenda kuchora sahani na vyombo vya kauri kwa kampuni ya Richard-Ginori! 1928 akaanzisha Domus, jarida la usanifu majengo na samani. Majengo, mashine za kahawa, vyoo, huyu mzee hakuwa anachagua kazi.

Sasa kiti. Alikichukua kile cha Chiavari akawa anakipunguza tu, anapunguza, miaka inaenda, mafundi wa Cassina, kampuni ya samani, wanajaribu, mpaka 1957 kikatoka Superleggera. Kilo 1.7 jamani! Mguu ukiukata unaona pembetatu, unene milimita 18, yaani kidole changu gumba kinaushinda, na kikalio ni henzirani ya kusuka. Wanasema walikirusha kutoka ghorofa ya nne kikadunda, hakikuvunjika.

Na muda huohuo alikuwa anajenga jumba la Pirelli pale Milano, mita 127, limekamilika 1960, mhandisi Nervi. Liangalie kwa pembeni, ncha zake zimechongoka kama kisu, mi naona ni ujanja uleule wa ule mguu wa kiti, unene anakuficha usiuone.

Nikamwonyesha jirani yangu seremala picha ya kiti. Akaivuta karibu, akakodoa macho pale kwenye maungio, akaniambia "kaka, hiki mama mkwe akikaa tu tunaitana polisi." Nikamwambia kinatengenezwa mpaka leo. Akauliza bei, nikamtajia, akarudi kwenye randa yake kimya.

Jumamosi ijayo tena viti mia nne.