Vitabu Vitatu vya Uzazi
Mimba yangu ya kwanza ilipofikisha miezi 4, wifi yangu aliniletea vitabu vitatu vya uzazi, nami nikatazama mwaka wa kuchapishwa kabla ya picha za jalada. Kimoja kilishauri mtoto aanzishiwe uji akiwa na miezi 4, ilhali tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linapendekeza anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Kingine kilielekeza mtoto alazwe kifudifudi, jambo ambalo ni hatari kwa mchanga, na hicho sikukimaliza. Nilibaki na cha tatu, ingawa orodha yake ya vyakula ilijaa matunda ambayo sijawahi kuyaona sokoni Kariakoo, kwa sababu kilieleza waziwazi dalili za hatari, kama vile kutokwa na damu na kuvimba uso, na kumhimiza msomaji awahi kituo cha afya.