Leseni kwanza, onyesho baadaye: kuikagua kampuni changa ya akili mnemba

Mwekezaji akialikwa kuitazama kampuni ya akili mnemba, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni bidhaa ikifanya kazi. Iache hiyo mwisho. Tuchukue mfano wa kampuni inayopokea simu za wateja kwa Kiswahili: mfumo unasikiliza, unaandika kilichosemwa, unajibu. Ukaguzi wa kampuni ya ukubwa huo huchukua kama wiki 2, lakini jambo linaloweza kuvunja mpango mzima linaonekana siku ya kwanza ukiomba karatasi moja tu: orodha ya kila modeli (programu iliyofundishwa kwa data) na kila seti ya data waliyotumia, na leseni ya kila moja.

Hapo ndipo wengi hukwama, hasa wanaofanya kazi na lugha zetu. NLLB, modeli ya tafsiri ya Meta ya mwaka 2022, inajua Kiswahili vizuri na inapakuliwa bure, lakini leseni yake ni CC BY-NC, yaani hairuhusu biashara. MMS ya mwaka 2023, ya kutambua sauti, nayo ni hivyo hivyo. Kuifundisha zaidi kwa data yako hakuifuti leseni ya asili. Whisper ya OpenAI, nayo ya kutambua sauti, ina leseni ya MIT inayoruhusu biashara, hiyo haina shida. Llama, modeli ya lugha ya Meta, ina masharti yake: modeli uliyoizalisha kutoka matoleo ya karibuni ianze kwa jina hilo, na aliyekuwa na watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi toleo lilipotoka aombe ruhusa. Kwa upande wa data, sauti za Common Voice, mkusanyiko wa Mozilla, zina leseni huru ya CC0, hata kwa biashara. JW300, mkusanyiko wa matini sambamba (maandishi yaleyale katika lugha mbili) uliotumika sana kwa lugha za Kiafrika, uliondolewa hadharani kwa sababu ya hakimiliki, ila nakala zake bado zimo kwenye kompyuta za watu. Usitosheke na orodha waliyoandika. Fungua msimbo wenyewe, tafuta majina ya modeli kwenye faili za mipangilio, ulinganishe.

Sasa zile asilimia. Ukiambiwa mfumo unapatia asilimia 95 ya maneno, uliza kwanza umepimwa kwa sauti zipi. Sauti za kusoma sentensi kwenye chumba kimya hazifanani na simu ya mteja aliyesimama stendi, anayechanganya Kiswahili na Kiingereza au Sheng, kwenye laini ya simu inayobana sauti. Kosa la kawaida zaidi ni msemaji yuleyule kuwamo kwenye data ya kufundishia na ya kupimia: modeli imeshamzoea, alama zinapanda. Omba utambulisho wa wasemaji wa pande zote mbili, uangalie kama unaingiliana. Angalia pia jinsi maandishi yalivyosafishwa kabla ya kuhesabu makosa, maana kuchukulia "20" na "ishirini" kuwa kitu kimoja ni halali, lakini kufuta maneno ya Kiingereza yaliyoushinda mfumo si halali.

Kisha pima mwenyewe. Chukua simu 200 za wiki iliyopita, uzichague wewe kwa bahati nasibu, waandishi 2 waziandike kila mmoja peke yake, na pale wanapotofautiana mtu wa tatu aamue. Ukihesabu ngapi kati yake zimeshughulikiwa sawasawa ukapata asilimia 90, kumbuka kwamba kwa sampuli ya 200 kuna pengo la takriban pointi 4 kila upande, yaani ukweli unaweza kuwa popote kati ya 86 na 94. Kwa hiyo anayejigamba kwamba toleo jipya limepanda kutoka 90 hadi 92 bado hajathibitisha chochote.

Kuna pia suala la binadamu waliofichwa nyuma ya mashine. Aprili 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mwanzilishi wa programu ya ununuzi iitwayo nate, wakidai kazi iliyotangazwa kuwa ya akili mnemba ilifanywa na watu kwa mikono, nchini Ufilipino kwa sehemu. Dawa yake ni kumbukumbu za seva. Chora muda wa kujibu kwa kila saa ya siku: mashine haicheleweshi majibu saa ya chakula cha mchana, wala haifanyi makosa ya tahajia yanayobadilika kila zamu ya wafanyakazi. Linganisha na orodha ya mishahara na malipo ya vibarua.

Gharama nazo zinapotosha hata waanzilishi waaminifu. Modeli ya lugha hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Tuseme mteja na mfumo wanajibizana mara 8, na kila zamu mteja anatumia tokeni 50 na jibu ni tokeni 100. Mwanzilishi anahesabu 1,200. Lakini kila zamu hupeleka upya maelekezo ya mfumo, tuseme tokeni 1,500, pamoja na yote yaliyotangulia. Jumla inafika tokeni 17,400, mara 14 na nusu ya makadirio. Kuhifadhi sehemu inayojirudia hupunguza bei, kama mtoa huduma anaruhusu na wamewasha. Tena neno kama "hawatakuelewa" hukatwa vipande kadhaa, hivyo hesabu iliyofanywa kwa Kiingereza haifai. Dai ankara halisi za miezi 3, uzigawe kwa idadi ya mazungumzo.

Kuhusu sheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaja utambuzi wa sauti katika data za kibayometria, na Tanzania ina ya 2022. Faini ya Kenya ina ukomo wa shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kile kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili, kwa hiyo wengine huipuuza. Wanakosea. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru Everalbum ifute hata modeli zilizofundishwa kwa picha za watumiaji bila ridhaa sahihi. Kupoteza modeli ni kupoteza ulichonunua. Soma fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chake, uone kama inataja kufundisha mashine au "kuboresha huduma" tu.

Baada ya hayo tazama onyesho, ukiwa na simu yako mwenyewe na maswali ambayo hawakuyaandaa. Na ukiamua kuweka fedha, mkataba ushikilie sehemu ya mwisho ya malipo mpaka akaunti za seva, msimbo na rekodi za sauti ziwe kwa jina la kampuni, maana mara nyingi bado ziko kwenye barua pepe binafsi ya fundi mmoja.