Nilivyourudisha mradi wa Kigombe bila kumharibia mtu kazi

Siku rekodi za mradi wa Kigombe zilipofutwa, kila mtu Tanga alikuwa mtaalamu. Ushauri niliopewa nauanika hapa ili mwenzangu asije akaufuata.

Ofisi yetu ya Chumbageni inatunza takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya Deep Sea, Sahare na Kigombe. Vyote vimo kwenye databesi moja inayoendeshwa na programu ya MySQL 8.0: wavuvi, uzito wa samaki, picha za mizani, fomu zilizoskaniwa. Wote tunaingia humo humo. Mwenzetu alikuwa anafuta miradi ya majaribio, akabonyeza mstari wa juu ya ule aliokusudia. Majedwali yetu yamefungwa kwa mtindo kwamba ukifuta mzazi (rekodi ya mradi), na watoto (rekodi zilizo chini yake, kama uzito na picha) wanakwenda naye.

"Kaka, Kigombe siioni," akanipigia.

Fundi mmoja anayesifika sana mjini akasema nipakue programu ya kurudisha faili zilizofutwa, niiendeshe pale pale kwenye seva. Bwana wee! Hiyo ni dawa ya flashi yenye picha za harusi. Rekodi za databesi hazikai kwenye diski moja moja kama picha, na kila unachopakua kwenye diski hiyo chaweza kufukia ulichokuwa unakitafuta. Mwingine akasema nishushe bakapu ya usiku juu ya databesi iliyopo, mambo yaishe. Yangeisha kweli, pamoja na kazi yote waliyoingiza watu wa Sahare tangu asubuhi.

Niliwanyima wote ruhusa ya kufuta, kisha nikanakili logi za seva kwenye diski ya nje, ilinigharimu laki na ushee. MySQL 8.0 huandika mabadiliko kwenye logi hizo bila kuombwa, na kama hukugusa mipangilio huzitunza siku 30.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Logi ikiandikwa mstari kwa mstari, rekodi iliyofutwa inakuwemo nzima na thamani zake zote. Nikaifungua kwa mysqlbinlog, programu ya kuzisomea logi hizo, na kweli: DELETE (amri ya kufuta), halafu @1, @2, @3, kila safu na chake, jina la mradi, tarehe ya kuanza, jina la mwalo. Nikasema ah, kazi ni kugeuza DELETE iwe INSERT, amri ya kuingiza! Nikaagiza chai na bajia. Huku natafuna nikateremka kutafuta uzito na picha. Hakuna. Nikateremka tena, nakuta kazi za Sahare. Mradi mzima wa Kigombe ulikuwa mstari mmoja!

Kumbe kwenye MySQL 8.0 watoto wanaofutwa kwa kumfuata mzazi, InnoDB, ile injini ya ndani inayohifadhi data, huwafuta yenyewe kimyakimya, kwenye logi hawaingii. Nilikuwa nimepata mtungi, maji hamna.

Basi ikabidi njia ndefu. Nikatoa laptopu ya zamani kabatini, nikaiwekea MySQL toleo lile lile, nikaishushia bakapu ya usiku, kisha nikaipitishia logi kuanzia bakapu ilipoishia mpaka kabla tu ya ile DELETE. Usikatize kwa saa. Ndani ya sekunde moja yanapita mengi. Katiza kwa namba ya nafasi, iko hapo hapo kwenye logi. Ya kuanzia utaikuta juu ya faili la bakapu, ilimradi uliichukua kwa mysqldump, programu ya bakapu ya MySQL, ukaweka --source-data=2. Kama hukuweka, kaweke leo.

Umeme ukakatika katikati, na betri ya ile laptopu ni pambo. Nikaanza upya bila hata kutoa jasho, maana seva yenyewe sikuwa nimeigusa.

Mwisho nikachomoa rekodi za Kigombe peke yake nikazirudisha kwenye seva, mzazi kwanza, watoto wakafuata, wote ndani ya muamala mmoja, yaani waingie wote au asiingie hata mmoja. Nikahesabu huku na huku, zikalingana, ndipo nikathibitisha.

Ruhusa ya kufuta sijawarudishia hadi leo, na wamenuna. Bosi naye kaja kuomba yake. Nimemwambia aandike barua.