Nilivyompata babu yangu aliyekuwa manamba

Babu mzaa baba alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani; alikata mkonge Korogwe tangu ujana wake mpaka nguvu zikamwisha. Alipofariki tulibaki na jina lake la ubatizo na habari kwamba kwao ni "Kigoma huko, Uhani". Baba alikua akijua hayo tu. Mimi nilitaka kujua kijiji, ukoo, na sababu ya yeye kuondoka asirudi tena. Ninaisimulia safari hii kwa sababu familia kama yetu zimejaa Tanga, Kilosa na Morogoro, na wengi wamekata tamaa wakiamini kwamba manamba hakuandikwa popote.

Aliandikwa, ila waliomwandika ni wale waliokuwa na haja naye: mwenye shamba, chama, serikali, kanisa. Ukiwafuata hao mmoja mmoja utamwona.

Mahali pa kwanza ni nyumbani. Bibi alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake tulikuta kadi ya TANU yenye jina la tawi, kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioanza 1964 na baadaye ukawa NSSF, na kipande kimoja kilichochakaa. Kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Kila siku mtu alipomaliza ngwe yake, yaani kazi aliyopimiwa, kiliwekwa alama, na mshahara ulisubiri mpaka kijae. Jina lililokuwa kwenye kipande halikufanana na la kwenye kadi ya TANU. Karani aliandika alivyosikia, na wengine walijipa jina jipya kwa makusudi ili wakitoroka shamba hili wapokelewe lile. Kwa hiyo niliandika majina yote jinsi yalivyo, pamoja na namba, bila kuchagua lipi ni sahihi. Kwa watu wa Uha jambo hili lina uzito zaidi, maana kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na r na l hubadilishana kulingana na masikio ya mwandishi.

Ofisi ya shamba haikuwa na kitu cha zamani hivyo. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967, kisha yakabadilisha wenyewe tena miaka ya 1990, na makaratasi ya vibarua hakuna aliyeona haja ya kuyahamisha. Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, nilipata mambo makubwa ya wakati ule, si jina la babu. Vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza vinaeleza machifu na mila, kidogo sana vibarua. Vyeti vya kuzaliwa usivitegemee kwa Mwafrika wa kijijini wa miaka hiyo.

Kilichonifungulia njia ni daftari la ndoa la parokia. Babu na Bibi, aliyekuwa Msambaa wa Lushoto, walifunga ndoa ya Kikatoliki, na kwenye daftari la ndoa huandikwa kila mmoja alibatizwa wapi. Nikalikuta hapo jina la misheni moja ya Kasulu, Kigoma. Kama wazee wenu walikuwa Wakatoliki, shikeni hili kwa mikono miwili: parokia inayofungisha ndoa hutakiwa kuijulisha parokia ya ubatizo, na kule habari ya ndoa huandikwa pembeni mwa jina la mbatizwa. Yaani kanisa la kijijini alikotoka mtu linaweza kuwa linajua alioa nani huko Tanga, hata kama ndugu zake hawakupata barua hata moja.

Padri wa Kasulu alinipokea vizuri, akanisomea mwenyewe, maana daftari la wakati huo limeandikwa kwa Kilatini. Babu alibatizwa 1951, umri ukikadiriwa miaka 18, na baba yake na mama yake wametajwa kwa majina yao ya Kiha. Pembeni, kwa wino mwingine, kulikuwa na ndoa: Korogwe, 1956, jina la Bibi. Nilimwomba Padri alisome mara ya pili.

Tarehe hiyo ilinipa kazi nyingine. Nyumbani tumelelewa na hadithi kwamba babu alikamatwa usiku na watu wa mwami, yaani chifu wa Waha, wakati wa vita ya Hitler, akapelekwa mkonge kwa nguvu. Jambo la namna hiyo lilitokea kweli. Mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na visiwa vya Uholanzi vya Mashariki, nyuzi za kamba za huko zikakosekana, na Mwingereza akawalazimisha watu wa Tanganyika kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Lakini babu wa daftari wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Tena Wamisionari wa Afrika, mapadri wa misheni ile, walidai ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo, kwa hiyo tangu 1947 mpaka 1951 alikuwa kwao, anafundishwa dini.

Sehemu nyingine ya hadithi ilisimama imara. Shangazi alikumbuka babu akisema walishushwa kwenye treni, wakapakiwa kwenye malori hadi Korogwe. Reli inayounganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa 1963; kabla yake treni ya Kigoma haikuwa na njia ya kufika upande wa Tanga. Malori yanakubaliana na mtu aliyekuja kwa mkataba wa Silabu kati ya 1951 na 1956. Silabu, ofisi ya wenye mashamba, ndiyo iliyokuwa ikiandikisha vibarua wa mkonge tangu 1944.

Basi aliyekamatwa usiku ni nani?

Katekista alinipeleka kijijini kwa majina ya wazazi wale. Nilimkuta mzee ambaye baba yake na babu yangu walichangia tumbo moja, kwa hiyo kwangu ni baba mdogo. Nilimsalimu, nikamtajia majina. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yule mkubwa je? Mmekuja na habari zake?"

Sisi hatukujua kwamba kulikuwa na mkubwa. Huyo ndiye aliyechukuliwa wakati wa vita, hakurudi. Baba mdogo alisema mama yao alikuwa akimlilia kila mavuno, na babu alipokuwa mtu mzima alijiandikisha mwenyewe, akamwambia mama yake anakwenda kumtafuta kaka yake huko huko kwenye mkonge. Hadithi tuliyoisikia utotoni ilikuwa ya kaka mtu. Babu aliisimulia jioni kwa jioni, na watoto wake wakaichukua kuwa yake.

Ndugu wa Kasulu sasa tunapigiana simu, na baba amekwenda kuwaona. Mimi nimerudi Upanga, safari hii kwenye majalada ya kazi za lazima za wakati wa vita, na Korogwe nimeanza kuwauliza wazee waliokulia kwenye makambi, hasa watani wa Waha, kwa kuwa kwenye misiba ya manamba watani ndio waliosimamia mazishi. Jina la kaka mtu ninalo, kijiji ninacho, na jina la baba yake ninalo. Shamba alilopelekwa bado sijalipata.