Nukta na mkato

Saa nne za usiku, Lubumbashi, mvua inapiga bati, na mimi bado naiwaza namba 2.

Spektromita yetu ya maabara huyafanya maji kuwa vumbi laini, huyapitisha kwenye mwali, kisha husoma shaba kwa mwanga wa nanomita 324.8. Ni mashine ya zamani, lakini kwa kupima naiamini kuliko nyingi mpya. Huongea na kompyuta kwa tundu la pini 9, mtindo wa RS-232, njia ya zamani ya vifaa kutumiana data kwa waya, ulioanza mwaka 1960. Kompyuta yake ya Windows XP iliungua wiki jana, umeme uliporudi kwa kishindo. Tumeletewa mpya, isiyo na tundu hilo, na Windows yake ni ya Kifaransa.

Jumatatu nzima ilimezwa na kebo ya kuunganisha pini 9 na USB. Niliyonunua sokoni ilikataliwa: kosa namba 10, kifaa hakiwezi kuanza. Nikaazima nyingine kwa rafiki, ikakubaliwa, ila Windows ikaipa poti COM11, yaani namba ya mlango wa kupitishia data, na programu yetu ya zamani haijui zaidi ya COM4. Nikaihamishia COM3. Zikaja herufi za ovyo, alama za maswali na vimraba, mpaka nilipolinganisha mipangilio ya mawasiliano ya mashine na ya kompyuta, kasi na namna ya kufunga kila herufi, ikawa sawa pande zote mbili.

Jumanne saa tano asubuhi namba zikaanza kushuka kwenye kioo. Tulishangilia. Nikapitisha maji ya kupimia, yenye shaba tunayoijua kiasi chake, miligramu 1, 2 na 5 kwa lita, kompyuta ikaandika 1, 2, 5. Tukaendelea na chupa 14 za visima, nikachapa ripoti na kuipeleka mezani kwa mkubwa wangu ili aisaini.

Stajieri wetu, kijana anayejifunza kazi, ndiye aliyebaki akiitazama skrini. Akaniita kwa sauti ndogo: "Papa, juu ya nini hizi namba haziko na mkia?"

Nikageukia kidirisha cha mashine yenyewe. Kilikuwa bado kinaonyesha chupa ya mwisho: 2.7. Kompyuta iliandika 2.

Mashine hutuma nukta. Windows ya Kifaransa hutenganisha desimali kwa mkato. Programu ilisoma 2, ikakuta alama isiyoijua, ikaishia hapo bila kulalamika. Na yale maji ya kupimia? Mashine iliyasoma 1.01, 2.02, 5.03; mikia ikakatwa, yakabaki yanapendeza kabisa. Kipimo nilichokitegemea kinionye ndicho kilichonituliza.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Kwa hiyo chupa ile, kwenye karatasi yangu, ilikuwa salama. Kebo iliyokataa Jumatatu ilinipotezea siku tu. Programu hii iliyokubali kila kitu ingempotezea mtu afya, huku jina langu likiwa chini ya karatasi.

Nilikimbia kwa mkubwa. Ripoti ilikuwa haijasainiwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya lugha na eneo, nikaweka nukta mahali pa mkato, nikafunga programu na kuifungua upya, tukapitisha chupa zote 14 tena. Stajieri alisoma kidirisha kwa sauti, mimi nikifuata skrini kwa kidole: sifuri nukta nne, moja nukta tisa, mbili nukta saba. Tutafanya hivyo kila asubuhi, na nimetengeneza maji ya kupimia ya 0.5 na 2.5, yenye mkia wa kuonekana ukikatwa.

Chupa ya 2.7 ni ya mama mmoja aliyeileta mwenyewe, imefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Nilimpigia simu jioni. Aliuliza kama ampe mtoto maji ya kisima usiku huu. Nikamwambia, hapana mama, chota kwa jirani kwanza; kesho nitakuja kuchukua chupa nyingine.